Niliunga Mkono Hoja

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia, na niseme mapema kwamba nina domo. Darasani nilikuwa nachora jedwali ubao mzima: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na sisi, nani anamchagua nani, nani anaweza kumshitaki nani. Nilipostaafu nikarudi kijijini kwetu, kando ya barabara kuu, si mbali na njia panda ya Mkiwa, na jedwali langu nikarudi nalo kichwani.

Darasa jipya nililipata kwenye kibanda cha dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, mjane, na kile kiwanja kando ya lami aliachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa akipika ugali na kuku wa kienyeji, na madereva wa malori kutoka nchi zote hizo walisimama kula. Mimi nilikuwa siwaachi wale kwa amani. Dereva wa Kenya alijisifu kwamba kwao gavana wanampigia kura wenyewe, na matokeo ya urais mtu anaweza kuyapinga mahakamani. Nilikubali kwa shingo upande, maana kwetu mkuu wa mkoa huteuliwa. Wa Rwanda alisema kwao viongozi wa wilaya husaini ahadi za kazi, kisha hupimwa. Nikamuuliza, "Na wewe usiporidhika na vipimo, unasemea wapi?" Akacheka, akaomba maji ya kunawa.

Hapo ndipo nilipotoa turufu yangu. "Sisi tuna mkutano mkuu wa kijiji," niliwaambia. "Kila mtu mzima ni mjumbe. Ardhi ya kijiji haigawiwi gizani, ni mpaka watu wakae wakubaliane." Dada alikuwa akisonga ugali huku anatabasamu. Alikuwa anajivunia mimi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ikaja hoja ya maegesho ya malori. Uongozi wa kijiji ulikitaka kiwanja chake, yeye apewe kingine huko ndani porini, ambako hata mbuzi haendi kwa hiari. Dada akanifuata nyumbani. Kwa Kinyaturu chetu ana maneno makali, hakuna wa kumshinda, lakini Kiswahili cha vikao kilikuwa kinamtisha. "Mwalimu," aliniambia, "wewe utanisemea. Waambie tu kwamba sijakubali."

"Dada, hilo niachie mimi," nilimjibu, kifua mbele.

Siku ya mkutano mwenyekiti alinipa dakika tatu. Nikasimama, nikanyoosha koti. Sasa, anayevijua vikao vyetu anajua kwamba mtu hasimami tu akapinga. Kwanza unashukuru, unapongeza, halafu unasema unaunga mkono hoja, hata kama umekuja kuibomoa. Ni adabu tu, kama kubisha hodi. Nami nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, awali ya yote naunga mkono hoja." Kisha nikaingia Kenya. Kutoka Kenya nikavuka Uganda. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mzee mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, wape hao!" Basi na mimi nikapanda mori. Nilikuwa nimefika Burundi mwenyekiti alipogonga meza.

"Muda wako umekwisha, mwalimu. Tunakushukuru sana."

"Mwenyekiti, ndiyo nilikuwa nakuja kwenye kiwanja cha..."

"Keti, mwalimu."

Nikaketi. Jamani, nikaketi! Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwamba mjumbe ana haki ya kusikilizwa, niliona aibu kubishana mbele ya watu waliotoka kunipigia makofi. Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita. Nilipogeuka kumtafuta dada upande wa akina mama, alikuwa bado ananitazama, kama mtu anayesubiri niendelee.

Kibanda kilivunjwa kabla ya mavuno ya alizeti. Nilimwandikia barua ya malalamiko kwa mkono wangu, nikamsindikiza mpaka kwenye baraza la ardhi. Karani aliyetupokea alifungua muhtasari wa mkutano, akasoma kwa sauti: "Mwalimu mstaafu aliunga mkono hoja kwa maelezo marefu, akashangiliwa." Loh! Nilitafuta uongo katika sentensi ile, sikuuona. Jina la dada halikuwemo popote, wala neno "sijakubali".

"Mama," akamuuliza, "hapa aliyesema sana ni huyu mwalimu, na aliunga mkono. Ni nani kwako?"

Dada hakunitazama. Tulikuwa tumekaa benchi moja, kiwiko changu kinagusa khanga yake.

"Ni mwalimu tu wa pale kijijini," alisema. Kiswahili kilichonyooka, bila kusita.

Sijui kama alikuwa ananisitiri au alikuwa ananikana, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza. Ningeweza kusema pale pale kwamba mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, kwamba yeye hakukubali, na kwamba kuunga mkono kwangu kulikuwa adabu ya kikao tu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kunihesabia dakika. Nikanyamaza, na karani akaandika alivyosikia.