Samaki wa Baba Mkwe

Miaka minne niliishi nyumba moja na baba mkwe wangu bila kumwona uso. Si kwamba tuligombana. Ndiyo heshima ya Wanyakyusa: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, wala hapiti anapopita yeye. Mchungaji alikuwa ameshasema mambo hayo yalegezwe, na nyumba nyingi pale Bujonde zilikuwa zimelegeza, lakini mzee wetu alisema mchungaji ashughulike na roho za watu, wakwe awaachie wenyewe. Basi nilimjua kwa kikohozi. Akifika kwenye mgomba wa mwisho kabla ya uwanja alikohoa mara mbili, nami nikaacha ufagio hapo hapo nilipo na kutokea mlango wa jikoni. Miguu yake pia niliijua, maana mtu akiinamisha macho miaka minne hakosi kuona miguu. Vidole gumba vyake vilikuwa haviongei, kila kimoja kimetazama upande wake.

Mimi ni Mkisi, mtu wa ziwani. Kwetu ni kule mbele ya Matema, milima inaposhuka mpaka majini na kuwaachia watu kipande kidogo cha kujibanza. Mama yangu ni mfinyanzi. Nilipoolewa nikakuta mpunga, kakao na migomba, ardhi tambarare kama sinia, na ziwa hata hulisikii. Nililia wiki nzima, mume wangu akadhani namlilia mama. Nilikuwa nalilia maji.

Sikujua kwamba ndani ya nyumba ile yumo mwingine anayelilia maji hayo hayo. Baba mkwe alifanya kazi melini tangu ujana, chumba cha mashine, bandari ya Itungi. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa, mitumba ikajaa, na kazini watu wakapunguzwa, naye akiwemo. Akarudi kwenye kakao yake na begi moja. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena ziwani; mama mkwe alisema ameapa hatakwenda kuipungia mkono meli isiyomtaka.

Ruksa hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea kioo. Alikuja mfanyabiashara mmoja akinunua samaki wa mawe, wale wadogo wa rangi rangi ambao ndugu zetu wa Malawi huwaita mbuna, awapeleke Ulaya wakakae sebuleni kwa watu. Sisi wa ziwani tulicheka mpaka mbavu zikauma: samaki asiyejaza kiganja anapanda ndege! Biashara ikamshinda, akaondoka, na kasha lake moja la vioo likabaki kwa baba mkwe, aliyewahi kumtengenezea injini ya boti. Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtu mzima, na ndani yake walikuwamo samaki tisa.

Mzee aliliweka sebuleni, juu ya meza ya cherehani ya mama mkwe, na cherehani ikahamia chini ya kitanda. Mama mkwe alinung'unika mwezi mzima. Mzee alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo, na hapo ndipo alipohamia. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo hewa ya samaki aliitia kwa mkono: asubuhi na jioni alichota maji humo ndani na kuyamimina tena kutoka juu, polepole, yakitoa povu. Maji mapya niliyachota mimi kisimani na kuyaacha mlangoni kwenye ndoo. Tulishirikiana hivyo, mimi na yeye, kabla hatujajua kwamba tunashirikiana.

Kisha samaki wakaanza kufa. Asubuhi mzee akiwa shambani nilikuwa nafagia sebule, na nilimwona muuaji kwa macho yangu: dume mmoja wa bluu mwenye mistari myeusi, mrembo kweli kweli na mshenzi kweli kweli. Mle ndani mlikuwa na mchanga na mawe mawili tu. Dume alikaa katikati ya mawe hayo akajitangazia nchi nzima. Mwenzake akikatiza, anachanwa mapezi. Wawili walikufa katika wiki moja.

Mzee alitumia akili aliyolelewa nayo. Wanyakyusa tangu zamani wana dawa moja ya ugomvi, kutengana: vijana wakikua walihama kwa baba zao wakajenga kijiji chao, kila rika mahali pake. Nilimsikia kupitia ukutani akimwambia mume wangu, "Wamebanana. Kiumbe akibanana lazima agombane." Akatoa watatu akawaweka kwenye beseni ili waliobaki wapate nafasi. Wa kwenye beseni walikufa. Na dume, aliyekuwa na wanane wa kukimbiza, sasa alikuwa na watatu tu, akawashughulikia kwa utulivu, mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa jikoni nauma midomo. Kwetu samaki hao wanajaa mwambani kama maharage chunguni. Dume anamfukuza huyu, anapita yule, anamsahau wa kwanza. Mpaka jioni amechoka na hakuna aliyeumia. Hata sisi watu tuko hivyo. Nyumba zetu zimeshikana, na ukitoka umekasirika kwenda kumsema jirani, kabla hujafika mlangoni kwake umeshakutana na wengine watatu wenye maneno yao na wewe. Hasira inagawanyika. Ugomvi unaoua ni ule wa watu wawili kwenye uwanja mpana.

Jioni moja nikamsikia tena mzee. "Yule jike wa kahawia naye anakufa. Taya limevimba, hali tangu juzi. Akifa huyo nawarudisha waliobaki ziwani, na kioo mama yenu aoteshee mboga." Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilidhani nitabaki nalo hata kidogo, ziwa."

Moyo uliniuma. Kwanza, jike hakuwa mgonjwa. Kwetu hata mtoto anajua kwamba samaki huyo hubeba watoto mdomoni, na hali kitu mpaka awatapike wakiwa wazima. Pili, dume alikuwa amembana kwenye kona, na asingemaliza wiki. Nilimwambia mume wangu amweleze baba yake. Akacheka. "Nimwambie baba kwamba mke wangu anamfundisha samaki?" Mama mkwe sikumwambia, maana yeye alikuwa anaisubiri meza yake.

Nikatuma salamu kwa wachuuzi wa vyungu, na siku ya tatu mama yangu akafika, kabeba vyungu vilivyovunjika na chungu kizima kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Mama mkwe akampokea vizuri, akafunua jani, akaona samaki kumi na wanne wakihangaika.

"Ndaga fijo, asante sana, mkwe wangu," akasema, kashika kisu tayari. "Hawa tunawakaanga au tunawachemsha?"

Nilikinyakua chungu kama mtu anayeokoa mtoto kisimani.

Kesho yake mzee alipotoka, nikaingia kazini. Nilitoa yale mawe mawili, nikapanga vigae vya mama kutoka mchangani mpaka karibu na uso wa maji: shingo za vyungu, matako ya vyungu, tundu juu ya tundu, mpaka samaki wa upande huu asimwone wa upande ule. Kisha nikawamimina wageni wote kumi na wanne. Dume akatoka kifua mbele kutafuta nchi yake, asiione. Akazunguka kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba yake imehamishwa, na kila alipogeuka alikuta mtu. Nilicheka peke yangu, mikono majini mpaka kwenye viwiko.

Kikohozi kilinikuta hapo hapo. Nilikimbia, nikaacha sakafu imelowa na nyayo zangu zimeelekea jikoni, kila unyayo kama sahihi. Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimegusa kitu cha mzee, tena bila ruhusa, tena mimi.

Halafu sauti yake ikaja, juu kuliko kawaida.

"Nyinyi samaki! Naona mmepata wageni. Naona mmejengewa. Aliyewajengea, mwambieni ndaga fijo."

Nilitaka kuitikia na sikuweza. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikauangusha sakafuni kwa makusudi. Nikamsikia mzee anacheka.

Wiki mbili baadaye jike alifungua mdomo, na vitoto kama punje za mchele vikatoka na kuingia kwenye shingo ya chungu. Mzee aliwatangazia samaki wenyewe habari hiyo ili mimi niisikie. Tukaendelea hivyo. Aliwauliza, "Samaki, huko kwenu mlikuwa mnakula nini?" na asubuhi akakuta kibakuli cha usipa, vidagaa vya kwetu, niliousaga. Akiridhika aliwaambia wao, na mimi nikaangusha mfuniko. Mama mkwe alilalamika kwamba mkwe wake hana mikono.

Mwaka wa nne tangu niolewe macho ya mzee yakaingia ukungu. Alianza kumimina maji nje ya kioo, yakitiririka kwenye meza. Baadaye aliacha kumimina, akawa anakaa tu kwenye kiti chake, uso kauelekeza dirishani penye mwanga. Kazi ya maji niliifanya mimi akiwa amelala mchana.

Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, mtoto mgongoni, nikamsikia anauliza polepole. "Samaki, dume bado yupo?"

Nilishika mfuniko. Lakini mfuniko ulikuwa unajua neno moja tu, na mzee alikuwa anauliza habari za ziwa zima. Nikauweka chini.

"We samaki wa bluu," nikasema, pazia likiwa mbele ya mdomo wangu, "naona umezeeka. Pezi limechanika, ila bado unajidai."

Kiti kililia. Nikajua nimeharibu.

"Na yule jike?" akauliza.

"Yuko ndani ya chungu cha mama. Mdomo umejaa tena."

"Sogea, mwanangu," akasema. "Masikio yangu hayasikii vizuri."

Mzee huyo huyo aliyekuwa akisikia mfuniko ukianguka jikoni! Nikapita pazia. Nikainua macho kutoka kwenye vile vidole, taratibu, mpaka usoni, na uso ulikuwa wa mume wangu, umezeeka tu. Alikuwa ananigeukia na hanioni. Nikakaa sakafuni kando ya kiti chake, nikafuta machozi kwa kanga, nikaanza kumhesabia samaki mmoja mmoja.