Mkeka wa Watoto na Mti wa Afande

Marlène Katungu alikasirika tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, na hasira hiyo haikupoa mpaka Noeli yenyewe. Wapo Bwera wanaosema kwamba alijitia makuu, kwamba mgeni hapaswi kununa kanisani kwa ajili ya mti. Wanaosema hivyo ama hawakuwapo, ama walikuwapo wakautazama mti na kuwasahau watoto.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Vita vilipozidi kwao Beni, Kongo, alivuka mpaka kuingia Uganda na binti zake wawili, akapanga chumba Bwera, akaanza kuuza maharagwe ya kuchemsha siku za soko la Mpondwe. Binti walikua wakaolewa, mmoja upande wa Rukoki karibu na Kasese mjini, mwingine Kyondo kwenye kahawa. Marlène akabaki na chumba chake, sufuria zake na mkeka. Ukiulizia Marlène muuza maharagwe, watu watakuna vichwa. Ukisema yule mama wa mkeka, hata bodaboda atakupeleka mpaka mlangoni.

Mkeka wenyewe ulianza hivi. Kigango chao, kanisa dogo la mlimani, kina kwaya ya akina mama, na akina mama wana watoto. Mtoto mchanga hukaa mgongoni na mama akaimba bila taabu. Lakini akishajua kutembea hataki mgongo tena, na ukimweka chini atamfikia padre kabla ya Injili. Jumapili yake ya kwanza pale, Marlène hakuzijua nyimbo, basi akakaa pembeni kwenye kanga yake. Mtoto wa mtu akatambaa akamjia, akalala pajani. Akaja wa pili. Jumapili iliyofuata alikuja na mkeka, akautandika mbele karibu na kwaya ili kila mtoto auone uso wa mama yake asilie. Tangu hapo akina mama hushusha watoto wao kwake bila hata kuuliza, wakaenda kuimba. Hakuna aliyemshukuru sana. Kazi ikifanywa vizuri watu husahau kwamba ni kazi.

Mwaka huu kamati ya Noeli ilipewa Byaruhanga. Huyu alikuwa askari mstaafu kutoka upande wa Toro aliyeoa Bwera, na wote walimwita afande, hata padre. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na mtu wa amri akipewa mti atautolea amri. Alisafiri mpaka Bulembia kuutafuta msonobari uliomridhisha, akaurudisha juu ya gari la watu, akausimamisha kwenye ndoo ya rangi iliyotiwa kokoto. Mti ulikuwa mrefu kuliko yeye. Aliupamba kwa pamba, maputo na taa za kumetameta zilizowaka kwa betri ya sola. Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuchuma, mkewe alitunga kahawa mbivu kwenye uzi kama shanga, nyekundu tupu, akauzungushia mti mzima kuanzia juu mpaka chini. Ulipendeza, tusiseme uongo. Watu walipiga picha.

Tatizo ni mahali. Waya wa betri ulikuwa mfupi, na palipofikiwa na waya ni pale pale mbele, kwenye nafasi ya mkeka.

Marlène aliuangalia mti ule kwa macho ya mtu anayeketi chini. Ukikaa chini huoni nyota ya karatasi kileleni. Unaona ndoo nyepesi, waya unaopita sakafuni, betri isiyofunikwa, kipande cha puto lililopasuka, na kahawa zinazoning'inia sawasawa na mdomo wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alimwendea afande baada ya misa, akamwamkia kwa heshima, akamwomba mti usogezwe au kahawa za chini zitolewe. Byaruhanga akamjibu kwa methali, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Watoto wafundishwe kutogusa. Jeshini, alisema, mtu huonyeshwa mara moja tu kitu kisichoguswa. Marlène akamwambia kwamba wale hawakuwa samaki wala hawakuandikishwa jeshini, wengine hata meno hawajamaliza kuota. Watu wakacheka, na afande hakupenda kuchekewa. Akaamuru mkeka uhamie nyuma, karibu na mlango.

Nyuma, mtoto hamwoni mama yake. Nyuma kuna mlango, na nje ya mlango kuna mteremko na barabara ya bodaboda. Alimweleza hayo pia. Afande alikuwa ameshageuka kwenda kurekebisha taa.

Marlène alirudi kwake akiongea peke yake njia nzima. Siku ya Jumamosi akamshawishi Muhindo, mpiga ngoma wa kwaya, wakaingia kanisani wawili tu. Muhindo akapanda juu, akafunga kamba kwenye boriti, wakauvuta mti mpaka ndoo yake ikaning'inia juu ya vichwa vya watu wazima. Betri wakaipandisha dirishani. Chini pakabaki peupe. Marlène alisimama pale akautazama mti juu, watoto wangeuona wote na asiufikie hata mmoja, akaona amepata dawa. Kwa mara ya kwanza wiki ile alilala vizuri.

Asubuhi akina bibi waliotangulia misa walifika mlangoni wakasimama. Hawakuingia. Mmoja alivuta kitambaa akaziba uso. Nchi ile, kamba iliyofungwa kwenye boriti na kitu kizito kikaning'inia chini yake ina maana moja tu, na mti aliojinyongea mtu hung'olewa na mizizi yake ukachomwa moto. Marlène hakuhitaji kufafanuliwa. Wanande wa kwao Beni na Wakonzo wa Bwera ni watu wamoja, wametenganishwa na mto mdogo tu, na tangu utotoni alijua kwamba hata kamba ya kukaushia nguo haifungwi darini. Hasira ilimziba akili, akasahau jambo ambalo mtoto wa kwao halisahau. Aibu ilimshika pale pale, na hasira haikuondoka. Byaruhanga alipanda mwenyewe akaikata ile kamba, akaurudisha mti mahali pake, na tangu siku ile kila Marlène akisema neno juu ya mti alijibiwa habari ya kamba.

Basi Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli alipuuza amri ya kuhamia nyuma, akatandika mkeka ubavuni mwa mti, akakaa katikati ya mti na watoto, mgongo wake ukiwa ukuta. Miongoni mwa watoto alikuwamo Hardy, mtoto wa kwanza wa Jolly, yule dada anayeanzisha nyimbo. Hardy alikuwa ameanza kutembea juzi juzi na alitembea kwa kiburi, tumbo mbele. Wakati wa matoleo mtoto mwingine alitambaa kuelekea betri. Marlène akajinyoosha kumdaka mguu, na mgongo wake ukatoka kwenye mti.

Hardy alivuta uzi wa kahawa. Ndoo ikainama, mti ukaanguka upande wa kwaya, taa zikazimika, nyimbo zikakatika. Kanisa zima likasimama. Byaruhanga akapaza sauti yake ya jeshini kwamba ushikwe mti, zishikwe taa, na watu wakatii, wanaume wazima wakakimbilia matawi. Ni Marlène peke yake aliyegeuka kumtazama mtoto. Hardy alikuwa ameketi kimya, mdomo wazi, macho yamemtoka, na hapakuwa na sauti yoyote. Mtoto anayelia anapumua. Huyu hakulia.

Akamnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya paja lake, kichwa chini, akampiga mgongoni kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Akapiga tena, na tena. Watu walikuwa wakibishana juu ya ndoo. Kahawa moja nyekundu ikaruka ikaanguka mkekani, ndipo Hardy akavuta pumzi na kulia kwa sauti ya kupasua.

Jolly alifika wakati huo. Hakuwa ameona chochote. Aliona mti chini, watu wamekasirika, na uzi mkononi mwa mwanawe. Akamchapa ule mkono.

Hapa damu inachemka hata ukisimulia tu. Mti umeletwa kwa ajili ya watoto, umezungushiwa nyekundu na kuwashiwa taa ili watoto waupende, umewekwa palepale wanapokaa. Mtoto akiupenda kama alivyotakiwa, anachapwa. Na mkubwa aliyeuweka pale anapewa pole kwa mti wake.

Marlène aliokota ile kahawa, ikiwa bado na mate, akamwonyesha Jolly kwenye kiganja.

"Unamupiga juu ya nini? Angalia. Hii ndiyo ilikuwa inamuua."

Jolly akatazama kiganja, akamtazama mtoto. Byaruhanga ndiye aliyejibu, tena kwa kuuliza mlinzi wa watoto alikuwa anatazama wapi. Kisha mti ukasimamishwa tena, kokoto zikaongezwa, na uzi uliokatika ukafungwa fundo, kwa sababu Noeli ilikuwa karibu na wageni wangekuja.

Misa ilipokwisha Marlène aliukunja mkeka wake, akawaambia akina mama wa kwaya kwamba hatauleta tena mpaka mti utoke. Walidhani ananuna. Akawaeleza taratibu.

"Mukeka yangu iko inadanganya bamama. Munaniona niko pale, munafikiri batoto beko salama. Habako salama. Basi kila mutu abebe wake."

Wiki ile ilikuwa ngumu. Wengine walipita kwenye maharagwe yake bila salamu. Wengine walisema anataka abembelezwe, na kwamba aliyefunga kamba kanisani ndiye leo anafundisha watu usalama. Maneno hayo yalimuuma kuliko alivyoonyesha. Lakini lililomkereketa zaidi ni watoto wenyewe, ambao hawakuwa na habari ya ugomvi. Walimwona sokoni wakajinyoosha kutoka migongoni mwa mama zao kumtaka, na mama zao wakatazama pembeni.

Siku ya Noeli kigango kilijaa mpaka dirishani. Marlène aliketi kwenye benchi kama muumini yeyote, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mbele mti uliwaka. Kwaya ilisimama na watoto mikononi, na wimbo wa kuingia haukufika mbali. Mtoto mmoja aliteleza kutoka mkononi akaelekea kwenye taa, mama yake akamfuata. Mwimbaji mmoja amekwenda. Wa pili akaacha ubeti katikati kumfungua mwanawe kwenye waya. Mwingine alimrudisha wake, na kabla hajafungua mdomo alikuwa amepotea tena. Sauti za kwaya zikapungua ubeti kwa ubeti, mpaka Muhindo akabaki anapiga ngoma isiyo na wimbo. Byaruhanga, kwenye kiti cha mbele, alikuwa akiwanyooshea watoto kidole na kuwaamuru waketi. Hakuna hata mmoja aliyemwelewa.

Jolly aliuanzisha wimbo wa Utukufu. Alikuwa na sauti ya kufunika bonde, na kwa muda ikaonekana siku itaokoka. Lakini Hardy alijipinda mikononi mwake, akanyoosha mkono kwenye zile nyekundu, mkono ule ule uliochapwa, akafungua mdomo. Jolly alimwona. Safari hii aliona tangu mwanzo.

Wimbo ukakatika. Jolly akashuka kwenye kwaya, akapita katikati ya watu, akamkabidhi Marlène mtoto. Akarudi, akachomoa waya kwenye betri, akaushika mti kiunoni na kuanza kuuburuta kuelekea mlangoni. Pamba na kahawa zikamwagika sakafuni, na akina mama wawili wakainama kuziokota mpaka ya mwisho. Mwingine akaibeba betri. Padre alisimama altareni, mikono imekunjwa, akitazama.

Byaruhanga akainuka akamzuia njia.

"Wewe dada, acha hiyo mti. Hiyo iko ya watoto. Noeli bila mti iko nini?"

Jolly alikuwa akihema. Jibu lilitoka kwenye benchi. Marlène hakusimama wala hakupaza sauti. Hardy alikuwa ameshaweka kichwa chake kifuani mwake.

"Noeli ni mutoto, afande."

Jolly akamzunguka afande, akautoa mti nje. Mbele pakabaki saruji tupu yenye alama ya ndoo. Mama mmoja wa kwaya akamshusha mwanawe pale, kisha wa pili akamshusha wake, kisha wengine, na Marlène akaenda na Hardy akaketi sakafuni katikati yao. Byaruhanga alipotaka kurudi kwenye kiti chake cha mbele, akakuta hana pa kukanyaga.