Hesabu za Jikoni, Sanyuanli

Sisi akina mama wa Kitanzania pale mtaa wa Sanyuanli tuliunda kikundi cha kufundishiana watoto, kwa sababu shule za Kichina hazikuwapokea na zile za kimataifa tulizitazama kwa nje tu. Kila mama na siku yake, jikoni kwake. Mimi Kiswahili. Hesabu alipewa jirani yangu wa ghorofa ya juu, mfanyabiashara wa nguo, mwanamke ambaye hata lifti ikichelewa anaigombeza.

Akawafundisha kwa njia anayoijua: kupatana bei. Mmoja muuzaji, anaitwa laoban, mwingine mteja, na kanuni kuu ni moja: bei ikigoma, chukua mkoba wako, ondoka polepole, usigeuke. Utaitwa tu.

Mimi nilinung'unika sana. Binti yangu alikuwa arudi Dar Januari kusoma shule ya bweni. Umri wake ulikuwa wa darasa la tano, na roho iliniuma nikimfikiria ameshushwa darasa kwa hesabu hizo za sokoni, amebanwa dawati moja na vitoto.

Bahati nzuri mwalimu mkuu wa shule hiyo akaja kununua vitambaa vya sare kule soko la Zhongda. Tukamkaribisha pilau nyumbani kwangu, mimi na jirani, naye akampima mtoto palepale mezani. Kusoma, akasoma vizuri. Hesabu, akazimaliza zote.

"Mtoto yuko vizuri, mama," mwalimu akaniambia. "Lakini hana ripoti ya shule yoyote. Ataanza la tatu."

Sijafungua mdomo, mwanangu akadakia: "La sita, laoban."

Laoban! Mwalimu mkuu mzima anaitwa kama muuza viatu! Nilitamani ardhi inimeze.

"La nne," mwalimu akajibu, nadhani bila kujijua, maana alikuwa ameshinda akipatana bei Zhongda.

Mtoto akatikisa kichwa. Akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni polepole. Nilitaka kumpigia magoti mwalimu, nikubali hilo la nne, lakini jirani alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

"We mtoto, njoo hapa!" mwalimu akaita. "Haya, la tano!"

Jirani akapiga vigelegele. Mimi nililia kwa furaha, nikamwongezea mgeni pilau ambayo hakuiomba.

Januari, uwanja wa ndege, shangazi yake alitangulia na masanduku. Nikamkumbatia binti yangu. Akachukua mkoba wake, akaondoka polepole bila kugeuka, kama alivyofundishwa. Safari hii aliyeshindwa kuvumilia, akaita, ni mimi.