Fomu ya Bunduki Ndani ya Unga

Mwezi uliopita mkaguzi alikuja dukani kwangu hapa Kigoma kutazama kabati la chuma ninalofungia dawa kali. Duka ni langu, la kwanza mtaani kuwa na vigae na kiyoyozi, na sikurithi hata msumari. Diploma niliyoisomea Columbus huku nikipanga maboksi ghalani imetundikwa ukutani. Anayebisha aje aisome. Mkaguzi alipozungusha ufunguo, kufuli likalia mara mbili, nami nikawa tena msichana wa miaka kumi na mitatu, jikoni kwa baba mdogo.

Ilikuwa likizo ya kiangazi, mwaka 2014. Tuliishi Buffalo, West Side, kwenye nyumba ya mbao iliyolalamika ukipanda ngazi, na wazazi wangu walifanya kazi kiwandani Tonawanda. Bibi na mimi tulipanda basi kwenda kumtembelea baba mdogo, askari wa Marekani aliyepewa nyumba ndani ya kambi ya jeshi karibu na Louisville. Columbus tulibadilisha basi. Bibi aliukalia mfuko wake wa dagaa na unga wa mahindi, akimkazia macho kila aliyevaa sare, hata mfagiaji.

Nyumba yenyewe, ndugu yangu, ilipendeza. Asubuhi tarumbeta ililia, nyasi zilizokatwa zikanukia, na bibi akachambua maharage kwenye ngazi za nje. Lakini chumbani kulikuwa na kabati la chuma, na ndani yake bunduki ya kuwindia kulungu. Risasi zilikaa mbali, kwenye sanduku lenye kufuli lake. Baba mdogo alitueleza sheria ya kambi: anayekaa nyumba za jeshi lazima aandikishe bunduki yake. Kamanda wake alikuwa ameshasaini fomu. Ilibaki kuipeleka kwa polisi wa jeshi kabla ya Ijumaa. Akichelewa, bunduki ingehesabika imefichwa, na kazi yake, pengine hata uraia aliokuwa akiungoja, vingepotea.

Bibi alisikiliza yote akimenya vitunguu.

Kesho yake nilitumwa kuchota unga wa ugali kwenye pipa, na vidole vyangu vikagusa mfuko wa nailoni. Ndani yake, fomu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hujaona kitu, mama," alisema taratibu.

Nilijiona mtu mzima. Katika wajukuu wote, mimi ndiye niliyeaminiwa.

Fomu ilipotafutwa isionekane, nyumba iliharibika. Baba mdogo alimshuku mkewe, ambaye tangu mwanzo hakuitaka bunduki. Mkewe alinishuku mimi, akapekua begi langu nikiwa bafuni. Mimi nilimshuku jirani aliyekata nyasi, kwamba anatusikiliza dirishani. Tulikula kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake. Kamanda alikuwa ameenda mazoezini mbali, kwa hiyo saini nyingine haikupatikana.

Alhamisi baba mdogo alikaa jikoni, sare imemlowa jasho, akashika kichwa. Mimi nikalitazama pipa la unga. Nilitazama tu. Akafuata macho yangu, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko.

"Mama, hapa si kule kwetu, kambi ya wakimbizi," alisema, karatasi ikidondosha unga. "Hapa askari ni mimi."

"Na wale waliokuja na jina la baba yako kwenye karatasi, wakaondoka naye," bibi aliuliza, "walikuwa nani?"

Aliikung'uta fomu, akaipeleka. Alitusimulia baadaye kwamba aliyeipokea aliinusa kwanza, akauliza huo unga mweupe ni kitu gani.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimeshiba. Lakini tangu siku ile hakunionyesha tena mahali anapoweka kitu. Picha pekee ya babu aliihamisha kutoka kwenye Biblia yake, na alipofariki kule Buffalo tulipekua nyumba nzima, mito ya viti, pindo za vitenge, hadi pipa la unga. Hatukuipata. Nyumba ile siku hizi wanakaa watu wengine, na huenda babu bado yumo ukutani mwao. Mimi nimeshasahau kama alikuwa na ndevu.

Mkaguzi alifungua daftari, akauliza jina langu kamili. Nilimtajia herufi kwa herufi, kifua mbele, kama mtu mwenye diploma. Alipoondoka nikauhamisha ufunguo wa akiba. Sijamwambia mtu nilikouweka.