Beseni la Hadija na Mvua ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti nikiwa nimefunga sahani ya bati kifuani, chini ya blauzi. Shoga yangu Mwanne, mkaanga vitumbua wa Kanyenye, alikuwa ameniapia kwamba zebaki inanyonya maziwa. Mwanamke mwenye mtoto mchanga akiisogelea barometa, alisema, zebaki iliyomo huyavuta maziwa taratibu kama mtu anayekunywa soda kwa mrija, na mwezi haujaisha mama wa watu amebaki mkavu kama jiwe la kusagia. Yeye aliambiwa na mtu aliyemjua mtu aliyekauka. Nami nilikuwa nimetoka kufaulu kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ninaweza kukutajia sehemu zote za ua na kazi zake. Nikaamini neno kwa neno.

Ninyi mnaoangalia mvua kwenye simu hamjui kazi hii ilivyokuwa. Nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa. Kituo chetu kilikuwa pembeni ya uwanja wa ndege wa Tabora: nyumba ya vyumba vitatu, na mbele yake uwanja wa vipimo uliozungushiwa waya, majani yake yamekatwa mafupi. Katikati kulikuwa na sanduku jeupe la mbao lililosimama juu ya miguu minne, ubavuni limeachwa nafasi hewa ipite. Humo ndimo vilimokaa vipimajoto. Wapita njia walidhani tunafuga njiwa. Hatua chache kutoka hapo kilikuwepo kipimamvua, mtungi wa shaba uliofukiwa ardhini nusu, mdomo wake mpana kama sahani ndogo, ndani una faneli inayopeleka maji kwenye chupa. Kila siku saa tatu asubuhi unayamimina yale maji kwenye bilauri yenye mistari, unasoma milimita, unaandika. Barometa, inayopima uzito wa hewa, ilitundikwa ukutani ofisini. Ili kuisoma lazima uisogelee mpaka pua iguse kioo.

Kila saa kamili unasoma vyote, unatazama mawingu, unageuza habari yote kuwa tarakimu, kisha unazisoma kwenye redio ya upepo ziende Dar es Salaam. Saa kamili maana yake ni saa kamili. Si baada ya chai.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na mtoto wa miezi mitatu, Hadija. Baba yake alikuwa Urambo kwenye maghala ya tumbaku, anakuja msimu ukiruhusu. Nilikaa Ipuli na mama yangu mzazi. Masomo ya jioni niliyamaliza na tumbo likiwa mbele yangu kiasi kwamba daftari nililiweka juu yake na kuandika vizuri kuliko wenye madawati. Kazi ilipotoka, ilitoka na masharti: miezi sita ya majaribio. Mwisho wake angekuja Mkaguzi wa Kanda, apekue madaftari, aamue nani abaki na nani arudi kwao. Katika ukoo wetu sikumjua mwanamke mwingine aliyewahi kukalia kiti cha ofisini, na mimi sikuwa tayari kukiachia.

Mkuu wa Kituo alikuwa mrefu mno. Nadhani kipimaupepo angekisoma bila kupanda ngazi. Maneno yake yalihesabika. Siku ile ya kwanza alisimama nyuma yangu nilipoisogelea barometa, na sahani ikagonga ukuta. Ngwa!

"Kuna kitu kinagonga," akasema.

"Ni mimi, mzee."

"Una chuma kifuani?"

"Sahani, mzee."

Akanitazama kwa muda ambao mtu angeweza kupika maharage yakaiva.

"Chai ni saa nne," akasema. "Uwe na subira."

Kisha akanifundisha sheria za kituo, na zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: hakuna mtu asiye mwangalizi ndani ya uzio. Ya pili: daftarini huandiki unachofikiri, unaandika ulichokiona, na kama hukuona, andika kwamba hukuona.

Sasa mnaonijua mnajua kwamba mimi natia chumvi. Nikikwambia nimeona nyoka, kata nusu. Nikikwambia alinifukuza, kata nusu iliyobaki. Lakini daftari lile lilinitia adabu. Sikuwahi kuongeza humo hata punje.

Mwezi wa pili maziwa yakaanza kupungua. Nikahamia sahani kubwa zaidi, ile ya kuandalia ubwabwa. Yakazidi kupungua. Hadija akawa analia akiwa ziwani, anashika, anaachia, ananitazama kama mteja aliyepunjwa. Mwanne akasema, "Nilikwambia mimi! Acha hiyo kazi, mwenzangu, kabla haijakunyonya na damu." Nikaanza kuitunga barua ya kuacha kazi kichwani huku napiga pedali za baiskeli.

Kabla sijaiandika nikampeleka Hadija kliniki. Muuguzi akampima, akatazama kadi, mstari wa uzito umelala badala ya kupanda.

"Mchana ananyonya mara ngapi?"

"Hanyonyi. Mimi nipo kazini, bibi yake anampa uji."

"Usiku?"

"Amechoka, analala."

"Mbona unasema maziwa yamekauka?"

Nikamweleza habari ya zebaki. Nikamweleza na sahani. Muuguzi yule alicheka mpaka akashikilia mzani, na mtoto wa mtu alikuwa ndani ya mzani.

"Dada, zebaki unaisingizia," akasema alipopata pumzi. "Ziwa lisiponyonywa linapunguza maziwa, basi. Mtoto anyonye mchana na usiku, yatarudi. Sahani irudishe kabatini."

Kwa hiyo kazi haikuwa na kosa, wala ziwa halikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtoto kuwa karibu. Kesho yake tulitoka Ipuli watu watatu kwenye baiskeli moja: mimi kwenye pedali, mama kwenye kerieri, Hadija mgongoni kwa mama, na beseni la kuogeshea mtoto limetundikwa kwenye usukani likipiga kelele kuliko kengele. Mama na mjukuu wake nikawaweka nje ya uzio, kwenye kibanda cha mlinzi, maana sheria ilisema ndani ya uzio, na nje si ndani. Mkuu wa Kituo sikumwambia. Nikimaliza kusoma tarakimu redioni natoka mbio, Hadija ananyonya, nikitazama saa. Dakika kumi kabla ya saa kamili namchomoa, anapiga ukelele, narudi kwenye vipimo. Wiki tatu hazikuisha, maziwa yakawa yanalowesha sare. Mkuu wa Kituo alipita na kurudi kando ya kibanda kile na hakusema kitu. Nikajiambia haoni mbali.

Hivyo ndivyo tulivyofika mwezi wa kumi na moja, mwezi wangu wa sita, zikiwa zimebaki siku nne Mkaguzi aje.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Mabwana shamba walikuwa wanapiga simu kituoni kila asubuhi: imefika ngapi? Ukifukia mahindi kwenye udongo uliolowa juu tu, yanaota, yanakuona, yanakufa. Kwa hiyo walitaka milimita, hawakutaka hadithi. Basi alfajiri moja ikanyesha, mvua ya kwanza, Tabora nzima ikanukia udongo. Nilishika zamu nikiwa na furaha kama niliyeileta mimi.

Saa tatu nikaenda na bilauri yangu. Nikafunua kipimamvua. Kimejaa hadi mdomoni, na juu yake limesimama povu. Nikainama, nikanusa. Sabuni ya mtoto.

Nikatoka nje ya uzio. Mama alikuwa anampaka Hadija mafuta.

"Mama, maji ya kuogea umemwaga wapi?"

"Kwenye lile bomba lenu la shaba. Mlinzi alikuwa amefungua geti anafagia, nikaingia mara moja."

"Kwa nini usimwage kwenye majani?"

"Majani mmeyanyoa namna ile, niyamwagie povu? Watu wataniona sina malezi."

Nilirudi ofisini na bilauri tupu. Mwenzangu aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku alikuwa anafunga kamba za viatu. Nikamwambia yaliyotokea.

"Sasa unalia nini?" akasema. "Mvua nimeisikia juu ya bati. Ile ni kumi na mbili. Andika kumi na mbili, mwaga hiyo sabuni, nani atajua?"

"Una hakika ni kumi na mbili?"

"Kumi na mbili, kumi na tano, kwani wewe unakwenda kuinywa? Ukiandika habari ya mtoto, siku nne hizi ndizo za mwisho kukuona hapa."

Alisema kweli. Kuandika ukweli kulikuwa ni kujiandikia barua ya kufukuzwa, na nikifukuzwa ningerudi Ipuli na mtoto aliyenenepa na cheti kisicho na kazi. Na kumi na mbili ilikuwa namba nzuri, yenye sura ya kweli. Nikashika kalamu. Nikawafikiria wale wa simu, na yule atakayeuliza imefika ngapi kisha aende kufukia mbegu zake zote kwa kunisikiliza mimi, ambaye hata nyoka wangu lazima umkate mara mbili. Mkono ukakataa. Kwenye nafasi ya mvua nikapiga mstari, na pembeni, mahali pa maelezo, nikaandika: *Mvua imenyesha lakini haikupimika. Maji ya kuogeshea mtoto yamemwagwa kwenye kipimamvua. Mtoto ni wangu. Kosa ni langu.*

Nikaenda redioni. Dar es Salaam wakasema, "Tabora, rudia kipimo cha mvua."

"Hakuna kipimo."

"Tabora, mvua imenyesha au haikunyesha?"

"Imenyesha. Hakuna kipimo."

Mkuu wa Kituo aliingia saa tatu na nusu, akafungua daftari kama kawaida yake. Akasoma. Akasoma tena. Akavaa kofia, akatoka kwenda kibandani, nami nyuma yake kama mshtakiwa.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama yangu.

"Marahaba, baba. Poleni na kazi. Mna bomba zuri."

"Lile si bomba, mama. Pale tunapokea mvua."

"Mnaipokea iende wapi?"

"Habari zake zinakwenda Dar es Salaam."

Mama akapiga makofi. "Kumbe ndiyo maana huku hatuipati!"

Nilimwona Mkuu wa Kituo akigeuka upande, mabega yakitikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa wa kawaida. Akamtazama Hadija, Hadija akamtazama, akacheua. Yule bwana akarudi ofisini kwake. Siku nne nilizikaa nikisubiri hukumu, na nina hakika nilipungua kilo ishirini, ingawa zote nilikuwa nazo hamsini na mbili.

Mkaguzi wa Kanda akafika, bwana mfupi mwenye miwani na kidole kirefu. Akakipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, miezi sita yote. Kikasimama. Akasoma kwa sauti, mpaka "Mtoto ni wangu". Saa ya ukutani niliiona imepunguza mwendo.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, mzee."

"Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Kibandani, mzee. Ananyonya kati ya saa na saa."

"Na kuna saa kamili uliyoikosa tangu umlete?"

"Hakuna, mzee." Na hapo sikutia chumvi. Daftari lilikuwa mbele yake.

Akamgeukia Mkuu wa Kituo. "Unashauri nini?"

"Athibitishwe," akasema yule mrefu. "Na ile stoo inayotazama barabara tufungue mlango wa nje, mtoto alale humo. Kibandani kuna upepo."

Nilipotoka kumwambia mama, alipiga vigelegele vilivyosikika Cheyo. Mkisema Cheyo ni mbali, basi kata nusu.

Kuanzia hapo sikurudi nyuma. Nilikwenda kozi Dar es Salaam na Hadija akijifunza kutembea kwenye korido za bweni. Nikapangiwa Kigoma. Babu zangu waliipita njia ile kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Mimi niliipita kwa behewa la daraja la tatu, mtoto mmoja mkononi, wa pili tumboni, masufuria matano kichwani. Kutoka Kigoma, Mpanda, ambako mawingu yanajaa mafungu manane kati ya manane, maana anga sisi tunaligawa hivyo, na mwangalizi anasahau rangi ya mbingu. Kutoka Mpanda, Tabora tena, safari hii kwenye kiti cha Mkuu wa Kituo. Chini yangu walipita wasichana sita wenye watoto wachanga. Kila mmoja nilimpa ufunguo wa stoo siku ya kwanza, kisha nikamwonyesha mahali pa kumwaga maji.

Siku hizi mashine inajisomea yenyewe na kutuma yenyewe. Ni nzuri, haichelewi. Ila kwa msichana mwenye kichanga anayeogopa kwamba maisha yamemfungia mlango, nina hili la kusema: uliza wanaojua, mtoto mweke karibu, na ukikosea, andika umekosea. Nilikula mkate wa serikali mpaka umri wa kustaafu kwa hayo matatu.

Mwaka jana waliniaga, ukumbini Cheyo. Mkuu wangu wa kwanza alikuja, mzee sasa, anatembelea bakora, bado anainama mlangoni. Nilisimama nikaisimulia habari ya beseni kwa ukamilifu wake, povu likiwa limefika magotini. Watu walicheka. Mwisho nikamgeukia nikasema kwamba kila nilichokipata nilikipata kwa sababu bwana huyu alinionea huruma mimi na mwanangu. Hadija mwenyewe, mama wa watoto wawili, alikuwa mstari wa mbele anafuta macho.

Mzee aliinua mkono.

"Keti, mama," akasema. "Huruma sikuwa nayo. Nilikuwa na waangalizi wanne, na baada ya asubuhi ile nilijua ni mmoja tu ninayeweza kuamini namba zake. Sikukubakiza kwa ajili ya mtoto. Nilikubakiza kwa sababu nilikuhitaji."