Sauti ya Kitabu

Nyumba ya Silima pale Madungu haikuwa na mlango unaofungwa mchana. Alfajiri ulifunguliwa, isha ukarejeshwa, na katikati hapo akiingia jirani, kuku, mwenye shida na asiye nayo. Asiyeuvuka kwenda nje alikuwa mmoja tu, naye ni Khairiya binti Shaame, mwari wa nyumba.

Baba yake alikufa yeye angali anatambaa, na mama hakukawia kumfuata. Ami yake Silima akamchukua. Haki ya mtu isiliwe: alimlisha, akamvisha, akampeleka skuli ya wasichana wakati jirani zake wakimcheka kwamba anamsomesha mtoto wa kike apate kuandikia barua wanaume. Lakini binti alipovunja ungo akamtoa skuli. Hakumpiga wala hakumtolea ukali. Alisema tu, "Basi, mwanangu, imetosha," na mkewe, Bi Kazija, akamwonyesha chumba cha ndani chenye dirisha la nondo linalotazama njia.

Wapo watakaosema kuwekwa ndani ni heshima. Haya, heshima. Mwenye kusema hivyo naye akae humo, apikiwe, asukwe, asingwe liwa ya kunukia, aulizwe kutwa kama amekula, na akitia mguu kizingitini aambiwe "Wendapi weye?" Khairiya alikuwa akilala mchana kwa kukosa la kufanya, akiamka anakuta ni mchana ule ule. Alichokuwa nacho ni kitabu kimoja, kilichotoka jalada, alichopewa na mwalimu wake siku ya mwisho ya skuli. Alikisoma mpaka mwisho, akakirudia, akaanza kukiogopa, maana kilimjua mno.

Ndipo ukaja msimu wa karafuu, na mwaka ule zilizaa za kuvunja matawi. Magunia yakaingia nyumbani kwa Silima asubuhi na jioni. Zikimwagwa jamvini katika ukumbi wa ndani, wanawake wa mtaani wakija kuzichambua, karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, huku. Na ulikuwa ni wakati wa siasa, Mungu atunusuru. Watu walikuwa hawauziani chumvi. Ndugu kwa ndugu hawazikani kwa sababu huyu chama hiki na yule kile. Bi Mwatum na Bi Kijakazi, waliokuwa wakikopeshana hata kanga za kuendea harusini, walikuwa wakikaa jamvi moja huku wamepeana mgongo. Kazi haikwenda.

Bi Kazija, mwanamke mwenye akili nyingi na huruma ya kiasi, akaona mwari yupo na kitabu kipo. "Khairiya," akaita, "hebu wasomee hawa. Labda wataacha kununiana."

Siku ya kwanza walisikiliza kwa adabu. Siku ya pili waligeuka wakatazamana. Hata wiki haijesha, Bi Mwatum akawa anafika kabla ya magunia.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya binti mfalme, Zamaradi, aliyeibiwa na jini akatiwa katika kasri lililo juu ya wingu. Jini alikuwa na jina refu la kuvunja ulimi, kwa hivyo wanawake wakamwita Bwana Kufuli. Hakuwa jini wa kutisha. Alimletea Zamaradi halua, hariri, udi, na ndege wa kumwimbia. Kasoro ilikuwa moja: kila Zamaradi akila tonge la chakula cha jini, chumba chake kilipungua shubiri moja. Akila, kuta zinasogea. Asipokula, njaa inamuua.

Loo, walibishana juu ya shubiri hiyo kuliko walivyobishana juu ya kura.

"Mie ningelikula," alisema Bi Mwatum, mikono ikienda karafuuni yenyewe. "Chumba kidogo kina tabu gani? Sie tumezaa na kulea katika vyumba vidogo. Huyu ana udi, ana hariri, hapiki. Analia nini?"

"Analia mlango," alisema Bi Kijakazi.

"Mlango wa kwendapi? Yuko juu ya wingu."

"Hata kama. Mtu anataka mlango, akikataa kutoka akatae mwenyewe." Kisha akamgeukia msomaji. "Na mtungaji naye ana makosa. Jini kakaa na mtoto wa watu miaka yote hiyo, mama yake hatajwi hata mara moja. Mama gani huyo asiyetafuta?"

"Kafa," alijibu Khairiya.

"Kitabuni kimeandikwa kafa?"

Khairiya alitazama ukurasa. "Naam," akasema. Haikuandikwa.

Ndivyo alivyoanza, na aliona utamu wake. Palipokuwa na Zamaradi akilia mstari mmoja, Khairiya alimliza mistari kumi. Zamaradi akaanza kusema maneno ambayo mtungaji hakuyaota: kwamba amechoka kuulizwa kama amekula, kwamba anajua idadi ya nondo za dirisha lake, kwamba anataka kurudi skuli. "Kumbe huko majini kuna skuli?" aliuliza Bi Mwatum, na wenzake wakacheka mpaka karafuu zikamwagika. Mahali palipopendwa zaidi ni pale Zamaradi anapoupiga ukuta kwa viganja na kusema, "Sitaki. Sikubali mimi. Nitoeni." Khairiya alipasoma kwa sauti yake yote. Wapita njia walisimama chini ya dirisha. Wazee wa barazani walinyamaza kusikiliza, na wengine wakawa wanaulizana sokoni kama binti mfalme ametoka au bado.

Hapo mtu mmoja msikitini akamwambia Silima kwamba si vizuri sauti ya mwari kusikika njiani. Silima akarudi nyumbani uso umemwiva. Bi Kazija hakutikisika. "Ile si sauti yake," alimwambia mumewe. "Sauti ya kitabu. Mtu akisoma Maulidi, utasema ni maneno yake? Na kazi inakwenda, huoni?" Silima alitazama magunia yaliyokwisha kushonwa, akakubali kwamba ni sauti ya kitabu. Na neno hilo likaenea mtaani kama fatwa. Khairiya alilisikia akafurahi, mtoto wa watu. Alidhani amepewa ruhusa.

Msimu ukielekea ukingoni, posa ikaja. Msellem wa Gando, mwenye mashamba yaliyopakana na ya Silima, mke mmoja nyumbani na mvi za kutosha, alimtaka Khairiya. Silima akaona kheri tupu. Bi Kazija ndiye aliyemletea mwari habari, akiwa na sahani ya halua mkononi.

"Simtaki, mama," alisema Khairiya.

"Humjui."

"Ndiyo maana. Na nataka kurudi skuli. Mwalimu alisema naweza kuwa mwalimu mimi."

Bi Kazija akaiweka sahani chini. "Sikiliza, mwanangu. Ami yako si baba, hawezi kukuoza bila ya kukuuliza. Watakuja mashahidi mlangoni, watakuuliza. Weye inama tu. Mwari hasemi. Kunyamaza kwake ndiyo idhini yake."

"Na akisema?"

"Hakuna mwari aliyesema," alijibu Bi Kazija, akatoka.

Khairiya hakuila ile halua. Alikaa kitandani akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile aliuona mlango. Ataulizwa. Ni sheria ya Mungu, si ya Bi Kazija, kwamba lazima aulizwe. Akisema hapana, ndoa haifungiki. Na sauti alikuwa nayo, sauti iliyosimamisha watu njiani. Hofu yake ilikuwa labda watadai hakusema, lakini kwa hilo alikuwa na Bi Mwatum na Bi Kijakazi na wengineo, ambao watakuwa chumbani naye siku hiyo. Hawa waligombana na mtungaji kwa ajili ya Zamaradi. Bi Mwatum huyo huyo aliyesema angelikula halua alilia kamasi siku kuta zilipogusa miguu ya kitanda. Wataacha kumshuhudilia yeye, wanayemjua tangu yuko uchi?

Kesho yake, Zamaradi akatokewa na jini jipya lenye mvi, kutoka nchi ya kaskazini, linalotaka kumchukua kutoka kasri hili kumpeleka kasri jengine. Wanawake wakatazamana. Mikono ikasita kidogo juu ya karafuu. Bi Kijakazi akasema polepole, "Hilo nalo limo kitabuni?"

"Limo," alisema Khairiya, akamtazama usoni.

"Basi aseme," alisema Bi Kijakazi. "Ana mdomo."

Na Khairiya akaliweka neno hilo moyoni.

Siku ya ndoa ilikuwa Ijumaa. Chumba kilijaa wanawake, udi ukafuka mpaka macho yakawasha, na yeye katikati amefunikwa kanga mpya, mikono imepakwa hina. Kitabu hakikuwako, Bi Kazija mwenyewe alikiweka juu ya kabati asubuhi. Baada ya sala ya alasiri nyumba nzima ikatulia, wakasikika mashahidi wakija mpaka nje ya pazia. Walikuwa Shehe Nyange na Mzee Jaribu, watu wa baraza, wema wote wawili, ambao msimu mzima walikaa chini ya dirisha lile wakisikiliza.

"Khairiya binti Shaame," alisema Shehe Nyange, "ami yako Silima ataka idhini yako akuoze Msellem bin Ame wa Gando. Umeridhia?"

Bi Kazija alimshika kifundo cha mkono. Khairiya alivuta pumzi.

"Sitaki," akasema. "Sikubali mimi."

Sauti ilitoka safi, kubwa, kama alivyoizoesha. Nje akasikika Mzee Jaribu akicheka kwa mapenzi, kicheko cha babu.

"Mashallah. Hata leo kitabu hakipumziki?"

Shehe Nyange hakucheka. Alikuwa mtu mwangalifu, akitaka jambo lake liwe halali. "Bi Kazija," aliita, "huyo ni mwari anajibu, au anasoma?"

Wanawake wote walikuwa wakitazama mikono ya Khairiya. Ilikuwa mitupu, na hina yake haijakauka.

"Anasoma, shehe," alisema Bi Kazija. "Tumemwachia kidogo, kumtuliza. Si mnamjua? Ulizeni tena."

"Si kitabu," alisema Khairiya. "Shehe, ni mimi. Waulizeni hawa." Aliifunua kanga akawageukia. "Bi Kijakazi. Mwambie."

Bi Kijakazi alifungua mdomo. Mwanawe alikuwa akilima katika shamba la Silima, na yeye mwenyewe alikuwa akikaa katika kiwanja cha Silima, na mwaka ule wa siasa watu walikuwa wakifukuzwa viwanjani kwa makosa madogo kuliko hilo. Akaufunga. Wengine wakatazama sakafu. Mtu akakohoa.

"Mwaka huu hicho kitabu kimetushika kweli," alisema Mzee Jaribu nje ya pazia. "Ndipo pale pale penye ukuta."

Shehe Nyange akauliza kwa mara ya pili. Khairiya akaanza kujibu, na hapo Bi Mwatum, Bi Mwatum wa machozi, akatia kidole mdomoni akapiga kigelegele kirefu. Wa pili akapokea, na wa tatu, mpaka chumba kizima kikawa ni vigelegele, na midomo ya Khairiya ikawa inakwenda bila ya mtu kusikia neno. Nje mashahidi walijua vigelegele vina maana gani. Mwari amenyamaza. Wakarudi ukumbini wakatoa habari, na ndoa ikasomwa.

Haukupita muda mrefu. Fungate ilikwisha, na kabla hajachukuliwa Gando yalibaki magunia machache ya mwisho wa msimu. Wanawake wakaja. Walikaa jamvini, wakachambua bila kuinua macho, na Khairiya naye akakaa pamoja nao akichambua, maana sasa alikuwa mke wa mtu na si mwari tena wa kusomea watu. Ilikuwa ni Bi Mwatum aliyeshindwa kuvumilia.

"Mwanangu," alisema, "Zamaradi aliishia wapi? Hukutumalizia."

Khairiya alinyanyuka, akakitoa kitabu juu ya kabati, akaufungua ukurasa wa mwisho. Kwenye karatasi, Zamaradi alitoka. Yule ndege wa kumwimbia aliudonoa ukuta ukapasuka, naye akashuka chini juu ya wingu la mvua mpaka uwanjani kwa baba yake. Khairiya alikuwa anayajua maneno hayo kwa moyo.

"'Na Zamaradi akala,'" alisoma, kwa sauti ndogo isiyofika dirishani. "'Akala mpaka akashiba, na kuta zikaja, zikamwenea mwili kama nguo. Akakaa humo.' Basi. Kimekwisha."

Hakuna aliyepeleka mkono karafuuni.

"Hakikwisha," alisema Bi Mwatum. "Haiwezi kuwa vile. Tazama vizuri, pengine umeruka karatasi."

"Sikuruka."

"Mtungaji gani huyo mwenye roho mbaya? Hakutoka? Na kupiga ukuta kote kule? Alisema hataki. Alisema wazi, tulimsikia sote."

Khairiya alikifunga kitabu akakiweka chini, akavuta ungo wake wa karafuu.

"Ndiyo," akasema. "Mlimsikia."