Msitu wa Magari Sita

Mwongoza magari wetu hakuacha kazi hata manispaa ilipong'oa lami ya maegesho na kupanda miti mia tatu, iliyobanana kama meno ya kitana. Kila asubuhi huvaa kizibao chake cha kung'aa, hupuliza filimbi, kisha hufuta majani vumbi kwa kitambaa kilekile cha vioo. Mti ukiinamia barabara, huupiga kofi jepesi shinani: "Rudi ndani, mama, utakwaruzwa."

Jana afisa wa manispaa alimletea barua ya kumwachisha kazi. Aliingia msituni kumtafuta, mahali palipokuwa pakitosha magari sita tu, akapotea.

"Jamani, nitoeni!"

Mwongoza magari alisimama ukingoni, akainua mikono yote miwili. "Njoo, njoo... kata kulia. Kulia kwako, bosi, si kwangu! Nyoosha. Hapohapo!"

Afisa alitokea kinyumenyume, utando wa buibui usoni, mguu mmoja peku.

"Kiatu changu?"

"Tukiache tu, bosi. Kuna ndege keshaanza kutaga humo."

Afisa aliutazama mguu wake, akautazama msitu, akairudisha barua mfukoni.

"Basi mwangalie vizuri huyo ndege," akasema, akaondoka akichechemea.